Keziah Strand Aliandika Mara Mbili

Mama mkwe wangu, Orpha, aliendesha basi la shule miaka thelathini na minne kwenye barabara ileile ya changarawe, kusini mwa Kearney, Nebraska. Alipostaafu tukamuuliza angependa zawadi gani. Mume wangu, Wendell, alishafikiria kiti cha kupumzikia. Orpha akasema anataka kwenda magharibi kufuata njia ya watu wa mikokoteni, wale wahamiaji wa zamani waliokwenda Oregon kwa mikokoteni ya ng'ombe, na usukani atashika yeye.

Alikuwa na swali tangu utotoni. Kila Septemba ukoo wa Strand, yaani kwao Orpha, hukusanyika kula pamoja, na siku hizi huvaa fulana zilizoandikwa "Waanzilishi wa Oregon." Bibi wa babu yake, Keziah Strand, aliondoka Illinois mwaka 1852 pamoja na mumewe, Amos, kwenda Oregon. Hilo kila mtu alilijua. Lakini ukoo wote uko Nebraska, katikati ya njia. Orpha akiwa na miaka tisa alimuuliza ami yake ilikuwaje. Ami akajibu kwamba walipendezwa na majani ya huku, kisha akamwambia amalize pai yake. Baadaye, shuleni, Orpha akasoma kwamba mwaka ule Nebraska ilikuwa bado nchi ya Wapawnee na makabila mengine ya wenyeji, na wageni hawakuruhusiwa kujenga. Basi hayo majani waliyapendaje?

Tuliondoka mwezi wa Julai, sisi watatu. Orpha alisimamisha gari kwenye kila kibao cha historia, na vibao ni vingi. Alisoma mpaka mstari wa mwisho, kisha akauliza yale ambayo kibao hakikusema. Walifua wapi? Mwenye mimba alipanda mkokoteni au alitembea? Pale Chimney Rock watu walikuwa wakipiga picha za lile jabali refu na kuondoka. Yeye alitaka kujua msafiri aliliona kwa siku ngapi kabla hajalifikia.

"Mama," Wendell akasema, "kwa mwendo huu hata wale wa ng'ombe wangetupita."

"Wao walijua wanakokwenda, mwanangu. Mimi bado nauliza njia."

Tulipoingia Wyoming tukafika mahali karibu na Guernsey ambapo magurudumu yamelichimba jiwe mpaka kifuani mwa mtu. Orpha alishuka ndani ya ule mfereji akatembea taratibu, kiganja kikipapasa ukuta.

Siku iliyofuata, katika jumba dogo la makumbusho, alimtajia mwanamke wa mapokezi jina la Strand. Yule mama akafikiri, akasema kuna mfugaji ambaye shamba lake lina ukuta wa mawe wenye majina ya wasafiri, na anadhani aliwahi kuliona hilo. Akampigia simu. Saa moja baadaye mzee Ferris Haugen, mwenye shamba, alikuwa akitufungulia geti.

Jiwe lilikuwa laini, la rangi ya mchanga. Haikuchukua muda kuwapata. A. Strand na K. Strand, bega kwa bega, Juni 29, 1852. Wendell akatoa simu apige picha. Alifurahi, maana sasa ukoo ulikuwa na ushahidi. Mzee Haugen akasubiri amalize, ndipo akamwambia Orpha, "Lipo na lingine, mama. Sijui kama mngependa kuliona."

Akatupeleka hatua kama thelathini mbele, karibu na mto. Lilikuwa chini kiasi kwamba Orpha alilazimika kupiga magoti. K. Strand, Julai 27, 1852. Peke yake.

"Huyu alikuwa anarudi," mzee akasema. "Walirudi wengi tu. Ila waliorudi hawajengewi sanamu."

Wendell akaangalia lile jina, akaangalia fulana ya ukoo aliyokuwa ameivaa. Aliniambia baadaye kwamba alihisi kama mtu aliyekuta picha ya arusi ya wazazi wake ni ya watu wengine. Orpha alikuwa bado magotini, kidole kikifuata herufi moja baada ya nyingine.

"Amos yuko wapi?" akauliza.

Tukatafuta ukuta mzima mpaka jua likatuchoma shingo, tusione kitu.

Septemba ilipofika, Orpha alisimama mbele ya ukoo akaeleza aliyoyaona. Wengine walinuna. Binamu mmoja akasema K inaweza kuwa ya mtu yeyote. Ndipo Lottie, mwenye miaka tisini na mitatu, ambaye mama yake alilelewa na Keziah mwenyewe, akamwita Orpha kwa kidole akae karibu naye.

"Mama aliniambia nisiseme," Lottie akaanza. "Lakini nimebaki mimi tu, nani atanigombeza?"

Akasimulia. Keziah alimzika mtoto wake wa kwanza huku kwetu, kando ya mto Platte, mwanzoni mwa Juni. Akaendelea na safari kwa sababu msafara haukungoja. Lakini kila siku walisogea maili kumi na tano mbali na lile kaburi, na siku moja, mbali kule milimani, akakataa kupiga hatua nyingine. Amos akaenda Oregon. Yeye akajiunga na watu waliokuwa wakirudi, akavuka mto Missouri mpaka ng'ambo, walikoruhusiwa wageni kukaa, akafua nguo za wapita njia miaka miwili. Nchi hii ilipofunguliwa kwa wageni alirudi kujenga hapa, karibu na mtoto. Na Amos akamfuata huku.

Orpha alimshika mkono. Akauliza mtoto aliitwa nani.

"Keziah hakulitamka tena jina lake," Lottie akasema. "Mama alijua tu alikuwa wa kike, mwenye nywele nyekundu."

Kaburi hatulijui. Huenda liko chini ya mahindi ya mtu. Orpha amezunguka ukingo ule mara nyingi, kwa miguu, akiongea na wakulima. Na sasa anataka kujua Amos alifanya nini Oregon miaka ile miwili, na kwa nini aliiacha. Ramani imetandazwa mezani kwetu tangu Jumapili, na Wendell ndiye anayeuliza tunaondoka lini.