Herufi za Cheti cha Ubatizo

Wajukuu, kadi ya harusi mliyoniletea, yenye herufi za kujipindapinda, nimeiona. Cheti changu cha ubatizo, kule Njombe, kilikuwa na herufi kama hizo. Nilidhani ni picha ya njegere zinazotambaa.

Siku mama alipokandika ukuta, udongo ukiwa mbichi na kunukia mvua, nikaichora picha ile kwa kidole. Baba akashika fimbo.

"Ukuta mpya, we mtoto!"

Mwinjilisti aliyekuwa akipita akacheka. "Mzee, binti yako kaandika 'Ubatizo'."

"Huyu? Huyu wa kufukuza ndege shambani!"

"Jumatatu mlete darasani."

Baba akaishusha fimbo. Nikasoma miaka miwili, kisha nikarudishwa kwenye jembe. Ndiyo maana nyumbani kwangu niliagiza: msichana asitolewe shuleni kwenda kupalilia, hata magugu yafike dirishani.