Anayefia Dunia ya Wenzake

Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka lake la fotokopi mjini Migori, Kezia hulifuta jua moja kwenye ramani yake, kisha hulichora tena palepale, asiweze kuamua libaki au liondoke. Ni ramani ya dunia yenye majua kadhaa aliyoibuni kwa mchezo wa mezani, ule wa kurusha dadu na kuigiza mashujaa. Caren wa Homa Bay naye ana dunia yake, isiyo na jua lolote, yenye ziwa chini ya kila kitu. Jumapili hii dunia hizo mbili zitaunganishwa chini ya mbingu moja, na wachezaji wao wataketi meza moja.

Kezia ameweka sheria kwamba shujaa akifa hugeuka jiwe pale alipoanguka. Wachezaji wa Caren wamekataa katakata.

"Mtu wetu aachwe ugenini kama mbwa? Basi hatuji!"

Kezia anaisoma tena sheria yake. Kazi ya miaka itavunjika kwa sheria moja. Simu inaita, ni Caren.

"Dadangu, niambie ukweli. Shujaa wangu akifia kwako, atazikwa wapi?"

Kezia anaifuta sheria ya jiwe, kisha anajibu.

"Kwao. Mje mumchukue, na watu wangu watawasaidia kubeba jeneza hadi mpakani mwa dunia zetu mbili."