Mbeti na Chaji Mbili Ubaoni

Sina subira na watu wanaosema Mbeti alibahatika. Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kantini na kikombe changu cha chai, nikaona kila kitu kwa macho yangu.

Mwaka huo, 1978, mimi na Mbeti tulifanya kazi kwenye mashine moja katika kiwanda cha nyuzi za nailoni, kule Eneo la Viwanda. Nyuzi zile zilikuwa na vituko. Hewa ikikauka, zinasimama wima na kukimbiana, na ukigusa chuma unapigwa shoti. Sisi wengine tulitukana tukaendelea na kazi. Mbeti alitaka kujua kwa nini. Alikuwa na miaka thelathini na moja, watoto wawili na elimu ya kidato cha pili, lakini akajiandikisha masomo ya posta, akawa anasoma fizikia nje ya mlango wake mtaani Ziwani huku maharagwe yakichemka. Nilimcheka sana, na sasa naona haya kusema hivyo.

Kisha ikatangazwa nafasi ya fundi msaidizi wa umeme. Moja tu, na msimamizi alisema nyingine haitatoka kabla ya miaka mitano. Wakaitwa kwenye usaili wanaume watatu na Mbeti. Ofisi ilikuwa inapakwa rangi, kwa hiyo Mhandisi Otiende akasimamisha ubao kantini, saa ya chakula, mbele yetu sote.

Swali lilikuwa lile lile kwa kila mmoja, na aliyemaliza alifuta ubao kabla mwenzake hajaingia. Chaji mbili chanya, kila moja mikrokulombi mbili, zimetengana kwa sentimita sitini. Zinasukumana kwa nguvu gani? Hapo katikati yao, uga wa umeme, yaani msukumo wa hapo, ni kiasi gani? Na potenshali, yaani volti za hapo, ni ngapi? Mwanamume wa kwanza alisahau kugeuza sentimita kuwa mita. Wawili waliofuata waliandika sifuri kwa uga na sifuri kwa volti, na hata walipoambiwa waangalie tena hawakubadili kitu.

Mbeti akashika chaki. Akazidisha chaji kwa chaji, akagawanya kwa umbali mara umbali, akazidisha kwa namba ya kanuni, bilioni tisa. Nguvu ikatoka sehemu moja ya kumi ya nyutoni. Uga katikati, sifuri, kwa kuwa misukumo miwili inalingana na kupingana. Kisha akaandika kuwa volti nazo ni sifuri. Hilo ndilo kosa letu sisi watu wa nyuzi. Uzi ukivutwa sawasawa huku na huku, tunauacha, tunasema hapo hakuna shida.

Otiende hakumkemea. Alimwambia polepole, "Mama, kabla hujaweka chaki chini, angalia hiyo ya mwisho."

Mbeti alitazama ubao, akatazama mikono yake, kisha akacheka peke yake na kufuta ile sifuri kwa kiganja. Kila chaji, sentimita thelathini kutoka katikati: volti elfu sitini. Elfu sitini na elfu sitini. Akaandika laki moja na elfu ishirini.

Otiende akauliza kwa nini anajumlisha.

"Nguvu iko na upande," Mbeti akasema. "Huyu anasukuma huku, yule kule, zinamalizana. Lakini volti haina upande. Sisi huko kwetu tunawasha majiko nje, kila mtu mlangoni kwake. Ukikaa katikati ya mawili, moto wa huku haumalizi wa kule. Unaungua mara mbili."

Kantini nzima ililipuka. Mimi nilimwaga chai, na sikujali.

Otiende akatoa fomu ya kazi. Ilikuwa imechapwa "Bwana" tangu ilipotoka kwa mpiga chapa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiria vingine. Akalikata lile neno kwa kalamu, akaandika juu yake "Bibi Mbeti", na Mbeti akatia sahihi kabla wino haujakauka.