Diski Mbili, Mfuko Mmoja

Zaina ni mpiga picha wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi kule Malawi, mwanamke wa Maniema, Kongo, na ukitaka kumuudhi mwambie simu yako inapiga vizuri kuliko kamera yake. Harusi, ubatizo, maulidi, mazishi, kote huitwa yeye. Watu humwita Mama Malaika mpaka leo, ingawa Malaika alikufa kwa malaria miaka mitatu iliyopita, akiwa na miaka minne.

Walipokimbia Kindu, albamu ya familia ilibaki juu ya kabati. Mama yake akafia njiani, na hakuna picha yake hata moja duniani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu hapo Zaina ana mfuko nyuma ya mlango, kama walivyo nao wengi kambini, na ndani yake kila asichotaka kukipoteza: vyeti, karatasi za ukimbizi, na diski yenye picha zake zote. Kelele zikianza, unashika mfuko mmoja, unakimbia.

Malaika alikuwa mle ndani, picha mia tatu na ushei. Hakuna iliyochapishwa. Kinyozi hajinyoi: za wateja alizipeleka Lilongwe kila wiki, za mwanawe akazisogeza mbele. Wala hakumtumia mtu hata moja kwenye simu, maana mtoto mzuri huvuta jicho baya. Mtoto alipofariki ndiyo kabisa, hakutaka mtu aziguse.

Guelord, Mkongomani mwenzao anayetengeneza kompyuta mtaa wa Area 25, Lilongwe, ndiye aliyemwambia kwamba diski nazo hufa, tena bila kuugua. Zaina akanunua ya pili, Guelord akamnakilia kila kitu.

“Mama Malaika, hii moya uiache huku kwangu,” alimwambia. “Zisilale nyumba moya.”

“Na siku ya kukimbia, nipite kwanza Lilongwe kukuomba diski?”

“Huku hakuna vita, mama.”

“Hata kwetu habakutuambiaka siku.”

Akazichukua zote mbili, akazitia mfukoni. Tusimcheke. Kwake yeye, kuweka kitu mbali na mkono ndiko kukipoteza, na somo hilo hakulipata darasani.

Jumamosi moja ya Oktoba, mchana, alikuwa Area 23 kwenye harusi. Kiza, mumewe, alikuwa sokoni na samaki wake. Moto wa jiko la jirani ukashika nyasi za paa, upepo ukamaliza kazi. Majirani walivunja mlango wakaokoa godoro na sufuria mbili, Mungu awalipe. Nani angejua kuwa cha kuokoa kilitundikwa nyuma ya mlango uleule walioubamiza ukutani?

Zile diski ziliokotwa majivuni, Guelord akakaa nazo wiki nzima. Zaina alipomfuata hakumkaribisha kiti, na hapo akajua.

“Pole, mama. Ndani yote imeyeyuka.”

“Angalia tena.”

“Niliangalia mara tatu.”

“Ya pili je?”

“Zilikuwa pamoja, mama.”

Zaina akashukuru, akapanda basi, akarudi kambini. Hakulia. Alimwambia Kiza kwa sentensi moja, wakaanza kujenga upya, yeye akikanda udongo, mumewe akipanga matofali.

Siku ya tatu ya ujenzi Kiza akatabasamu peke yake. “Malaika angeona haya matope! Angecheka mupaka kale kashimo ka shavu ya kuume kaonekane.”

“Ka kushoto,” Zaina akasema.

“Ka kuume. Njo pale mi nilikuwaka namubusu.”

“Ka kushoto, Kiza! Ngoja nikuonyeshe pi...”

Neno likamfia mdomoni. Akafumba macho amtafute mwanawe. Malaika akaja na kishimo kulia, kisha kushoto, kisha akaja bila kishimo, mtoto kama mtoto yeyote wa Dzaleka. Alipofumbua macho, Kiza alikuwa ameweka tofali chini, anamtazama.

“Ni kweli,” Kiza akasema polepole. “Kalikuwa ka kushoto.”

Ndipo Zaina alipoketi kwenye udongo akalia kama siku ya maziko. Alimjua mumewe kwa miaka kumi na minne: Kiza akiwa na hakika ya jambo, hakubali kushindwa. Basi naye hakukumbuka tena.