Kibao cha Ijumaa

Shule yetu ya sekondari ilikuwa vyumba vitatu vya mabati nyuma ya maduka ya Garissa, na mwalimu mkuu aliyeianzisha kwa mikono yake hakupenda porojo. Alitupa vitu viwili: Kiingereza, na barua yenye muhuri. Miaka ile ya vita vya shifta Kiingereza kilikuwa cha baadaye. Barua ndiyo iliyokuvusha kizuizi cha barabarani, kwa askari ambao kijana yeyote wa Kisomali asiye na karatasi walimhesabu shifta, mwasi wa porini.

Palikuwa na kibao, kipande cha ubao chenye kamba. Aliyesikika akisema Kisomali alivishwa shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Aliyekutwa nacho na kengele ya Ijumaa alinyang'anywa barua yake kwa wiki nzima. Tulikuwa wanafunzi kumi na wanane, na kazi yetu kubwa ilikuwa kuwindana.

Ijumaa moja kibao kilikuwa shingoni mwangu, na kwetu ni ng'ambo ya kizuizi. Rafiki yangu wa dawati moja kwao ni mbele zaidi, visimani. Kila Jumatatu alinigawia maziwa ya ngamia ya mama yake. Dakika chache kabla ya kengele nilimwinamia, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mama yake amesimama langoni, analia.

"Hooyo?" akauliza, akainuka.

Neno moja tu, mama. Nilivua kibao nikamvisha. Darasa likacheka, nami nilicheka kuliko wote. Sijitetei.

Mwalimu mkuu akamchukulia barua. Rafiki yangu hakunitukana. Aliniuliza tu kama kweli mama yake hakuja, nikamwambia hakuja.

"Basi nitabita kando ya mto," akasema, "njia ya mifugo."

Mimi nilipita barabarani. Askari aliisoma barua yangu juu chini, akanirudishia.

Jumatatu nilikaa dawatini peke yangu. Saa nne mama yake alisimama langoni, safari hii kweli, na kibuyu mkononi. Alikuwa ameingia mjini na wanawake wauza maziwa. Hakujua Kiswahili wala Kiingereza, akatuuliza mmoja mmoja kwa Kisomali: mwanawe yuko wapi, mbona hakufika nyumbani? Mwalimu mkuu alikuwa barazani na kibao kipya, maana kile cha zamani kiliondoka na rafiki yangu. Wenzangu wakatazama chini.

Alipofika kwangu aliniita mwanawe. Nilimjibu kwa Kiingereza kwamba sielewi.

Mwalimu mkuu akanisifu, akasema matamshi yangu sasa yamenyooka. Yule mama akanitazama sana, kisha akaniwekea kibuyu mikononi na kuniashiria dawati la mwanawe, nimtunzie. Nilikitunza mpaka jioni, halafu nikayanywa maziwa yote. Rafiki yangu hajarudi mpaka leo.