Ng'ombe Kumi Walionitoa Timu ya Taifa

Watu hutolewa timu ya taifa kwa sababu ya goti, utovu wa nidhamu au uzee.

Mimi nilitolewa na ng'ombe.

Msicheke mapema. Walikuwa kumi, wamenona, na mmoja alikuwa na mimba.

Naitwa Gati, wa Nyanungu, Tarime. Gofu nilijifunzia kwenye hoteli moja ya kitalii upande wa Serengeti, nikibeba mikoba ya watu wanaolipa hela nyingi kuja kutafuta kampira kwenye majani. Kocha wa pale, Oduol, aliniona napiga akauliza, "Wewe, huo mkono umeutoa wapi?"

"Kuchunga, kocha."

Nyumbani walifurahi mno. Baba mdogo Magige, aliyetulea baada ya baba kufariki, alifurahi mpaka akauliza, "Nani atatoa ng'ombe aoe msichana anayepiga majani kwa chuma?"

Alikuwa na hoja yake. Kwetu, kaka anaoa kwa ng'ombe wa mahari ya dada yake. Kaka yangu Rubeni alikuwa na mchumba, Agustina wa Gorong'a, na wote wawili walikuwa wananisubiri mimi niolewe. Kila nikirudi na kikombe, Rubeni ananiuliza, "Gati, hicho kinakamuliwa?"

Mwaka jana nikaitwa timu ya taifa ya ridhaa, yaani wale wanaocheza bila kulipwa. Safari ya Zambia. Ndege! Mimi ambaye sijawahi kupanda hata lifti.

Kabla ya safari nikacheza mashindano madogo pale hotelini, mdhamini tajiri mmoja wa mnada wa ng'ombe. Nikashinda. Tajiri akachomoa bahasha, mwandaaji akamzuia.

"Huyu ni wa ridhaa. Haruhusiwi kupokea pesa."

Baba mdogo akasimama. Nani alimwalika, mpaka leo sijui.

"Jamani, shida iko wapi? Kama pesa ni mwiko, mpeni ng'ombe. Ng'ombe si pesa!"

Watu wakashangilia. Mwandaaji, msomi wetu, naye akapiga makofi. Hata mimi nilipiga. Mkurya gani anakataa ng'ombe?

Kocha Oduol alikuwa msibani Sirari. Angekuwepo angemziba baba mdogo mdomo.

Ng'ombe walipofika, baba mdogo akaita wazee wa ukoo. "Gati ameleta ng'ombe kwenye boma hili. Kuanzia leo hadaiwi na kaka yake!" Wazee wakaitikia, pombe ikanywewa, ng'ombe wakaenda Gorong'a, Agustina akaja. Harusi safi kabisa.

Jumatatu simu ikaita. Kamati ya timu ya taifa.

"Gati, umepokea zawadi kubwa kuliko inavyoruhusiwa. Irudishe upesi, yaishe. Usiporudisha, wewe si wa ridhaa tena, na timu hupo."

Nikakimbia kwa baba mdogo. "Shikamoo. Nawataka ng'ombe wangu."

"Marahaba. Ukiwachukua, Agustina anarudi kwao. Chagua."

Rubeni, bingwa wa utani, akachukua jembe akaelekea shambani. Agustina alikuwa anasugua sufuria, amesikia kila kitu.

"Wifi, kama ni safari yako, nitafungasha," akasema. "Ila niambie leo, nisije nikapanda mihogo ya bure."

Nikaenda nyuma ya zizi nikalia. Niliililia ile ndege kama ndugu yangu. Iliniuma, jamani, tena sana.

Nikarudi nikamwambia, "Panda mihogo."

Kocha Oduol alipopata habari alikaa chini. Halafu akasema, "Basi. Kama ridhaa wamekukataa, kacheze na wanaolipwa."

Kwa hiyo mwenzenu sikupanda ngazi kuwa mchezaji wa kulipwa. Nilisukumwa na ng'ombe.

Mchujo ulikuwa Arusha. Wenzangu wana wabeba mikoba wenye kofia na miwani. Mimi nilikuwa na Agustina, ameshika begi kama anakwenda gulioni. Shimo la mwisho nikapangusa fimbo mara tatu, wifi akaninong'oneza, "Piga bwana, nina njaa."

Nikapiga. Ukaingia. Nikafuzu.

Tulirudi Nyanungu na furaha zetu, tukakuta mgeni sebuleni. Mzee, rika la baba mdogo, anakunywa soda.

"Gati, huyu anatoa ng'ombe ishirini," baba mdogo akasema, meno yote nje.

"Wa kumwolea nani?"

"Wa... Rubeni..."

"Rubeni si ameshaoa?"

Agustina akatua begi langu katikati ya sebule. "Shikamooni wazee. Mimi ndiye niliyeolewa. Nipo hapa."

"Baba mdogo," nikasema, "ulitangaza mbele ya wazee kwamba sidaiwi. Niwaite warudie?"

Mgeni alimaliza soda, akaaga kwa heshima zote.

Aliyechukua nafasi yangu alienda Zambia, akaposti bawa la ndege kutwa nzima. Sina kinyongo. Kidogo tu.

Funzo? Mtu mwenye kelele akisimama kutangaza jambo mbele ya wazee, mwache amalize. Mpigie na makofi. Siku moja utamrudishia maneno yake, na hatakuwa na pa kuyaweka.