Mtani Aliyechimba Kaburi Kimya

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua za vuli, mwanangu, zama za Mwingereza, nilipokuwa kijana mkalimani wa Korti Kuu hapa Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa kuyapokea maneno ya Kiswahili na kumkabidhi jaji kwa Kiingereza, bila kutia chumvi. Siku hiyo ilisikilizwa rufani ya Maganga, Mnyamwezi, dereva wa lori la mchanga.

Kosa lake Temeke nzima ililijua. Alimgonga Mzee Kibwana, Mzaramo aliyekuwa akirudi sokoni na baiskeli yake, akatazama nyuma, akaona, akakanyaga mafuta. Mzee akafa palepale. Hakimu alimfunga miaka sita, akasema mtu aliyekimbia akajificha mpaka akakamatwa hana utu. Maganga hakuomba aachiwe. Aliomba apunguziwe, awahi kuwaona wanawe wangali wadogo.

Barazani nilimsikia wakili wake akimnong'oneza.

"Sema ulidhani umekanyaga gogo."

"Nilimwona, bwana."

"Nani atajua?"

"Mie najua."

Wakili akashusha pumzi, akaenda zake. Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku ile ndiyo iliyoonekana kuelekea nyumbani, na Maganga hakuifuata.

Kwenye benchi alikaa mjane wa marehemu, Bi Tatu, kanga zake zimelowa. Kesi ya kwanza ilipita yeye akiwa edani, haruhusiwi kutoka. Sasa eda imekwisha, na alikuwa ameomba asikilizwe. Karani aliponiambia kwamba anataka kusema la kumfaa Maganga, nikamwinamia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, huyu kakuulia mume. Ukinyamaza, nani atakulaumu?"

Alinitazama kama mtu anayetazama mchele kuona kama una mawe.

"Wewe ndiwe ulimi wa korti?"

"Ndimi, mama."

"Basi usiufundishe wangu. Yeye alimwacha mume wangu njiani akakimbia. Nami nikiiacha nusu ya niliyoyaona, si nimekimbia vilevile? Tena mie sina hata lori."

Nikamfungulia mlango wa korti.

Ndani alisimama wima, nami nikatafsiri.

"Asubuhi ya maziko, nikiwa dirishani, nilimwona huyu kijana, ana jembe, kwenye makaburi ya ukoo wetu nyuma ya nyumba. Sikushangaa. Wanyamwezi ni watani wetu. Msiba wetu, wao huchimba kaburi na kutuchekesha. Wenzake walikuwa wakipiga kelele kwamba marehemu kafa na kuku wao tumboni, hazikwi mpaka amtapike. Huyu alichimba kimya mpaka mwisho. Nikajua mtani asiyetania msibani ana jambo. Baada ya maziko alikuja mlangoni pangu, akapiga magoti, akasema, 'Mama, ni mie.' Nikamwambia, nenda polisi kabla wanangu hawajasikia. Akaenda. Kama askari walimkuta njiani wakasema wamemkamata, basi walimkamata akiwaendea."

Jaji akamgeukia Maganga. Mbona hakuyasema haya kwa hakimu?

"Bwana jaji," alijibu, "kaburi la mtani halichimbwi kwa ujira. Ningelitaja, ningekuwa nadai ujira."

Nimetafsiri maneno mengi maishani mwangu. Hayo niliyatafsiri polepole, nikiogopa yasimwagike.

Jaji alikipunguza kifungo, kikabaki nusu. Hakukifuta, na haki haikudai kifutwe. Mzee Kibwana hakurudi. Askari walipokuwa wakimpitisha Maganga barazani, Bi Tatu alimzuia kwa sauti.

"We Mnyamwezi. Kaburi gani lile ulilochimba? Limetitia kama shimo la viazi. Mume wangu analala kaupinda mgongo. Ukitoka, uje ulijaze."

Maganga alisimama. Siku nyingi hakuwa ametaniwa na mtu.

"Nitakuja, mama," akasema. "Lakini Mzaramo wako alizoea kulala kapinda. Hata baiskeli yake ilikuwa imepinda."

Bi Tatu akacheka, kisha akajifunika uso kwa kanga. Alipotoka gerezani Maganga alikwenda Temeke na jembe kabla hajaenda kwake.

Mwanangu, utakosea, hakuna dereva asiyekosea njia. Ukikosea, simama. Ukiwa umekwisha kukimbia, rudi, na ukirudi usije na bili ya wema wako mkononi. Na siku utakapokuwa wewe ndiye uliyeumizwa, sema yote uliyoyaona, hata yale yanayomfaa aliyekuumiza. Wazee walisema mficha uchi hazai. Nami naongeza, mficha nusu ya kweli hapumziki.

Mungu akupe miguu ya kurudi pale ulipokimbia, na akujaalie watani wa kukucheka mchana na kukuzika jioni. Amina.